Kikosi cha Usiku Heimaey: Siku Sita za Kuokoa Makinda wa Pafini

Siku ya Kwanza: Kuvuka

Kivuko Herjólfur kinaondoka Landeyjahöfn, pwani ya kusini ya Aisilandi, na baada ya dakika 40 hivi kinapita chini ya majabali ya Heimaey na kuingia bandarini. Kutoka Reykjavík hadi Landeyjahöfn ni saa mbili kasoro kwa gari. Nafasi ikatwe mapema, na asubuhi ya safari iangaliwe hali ya bahari. Bandari hii ilifunguliwa mwaka 2010, na mchanga unaoletwa na mto Markarfljót huijaza mara kwa mara. Mawimbi yakizidi, kivuko huhamishiwa Þorlákshöfn, na hapo safari inakuwa ya karibu saa tatu kwenye bahari isiyomhurumia mtu. Watoto wale chakula chepesi, wakae katikati ya meli mahali wanapouona upeo wa macho, na simu zikae mfukoni, maana kuinamia kioo ndiko kunakoleta kichefuchefu.

Heimaey ndicho kisiwa pekee kinachokaliwa na watu katika visiwa vya Vestmannaeyjar: kilomita za mraba 13 na ushee, wakazi wapatao 4,500. Usiku wa Januari 23, 1973 ardhi ilipasuka pembeni mwa mji, mlima wa volkano wa Eldfell ukazaliwa, na watu zaidi ya 5,000 wakahamishwa, wengi wao kwa mashua za uvuvi zilizokuwa zimelala bandarini. Lava ilipokaribia kuziba mlango wa bandari, watu waliimwagia maji ya bahari kwa pampu, wiki baada ya wiki, hadi ikaganda. Bandari ikapona. Bandari hiyohiyo, pamoja na taa zake, ndiyo uwanja wa kazi ya usiku inayofuata: kuwaokota makinda wa pafini, ndege wa baharini, wanaopotezwa na taa hizo na kuanguka mjini.

Kisiwa kiko latitudo ya 63 kaskazini, kusini mwa Duara la Aktiki, lakini wahifadhi wa Baraza la Aktiki huihesabu Aisilandi nzima ndani ya eneo lao. Sehemu kubwa ya pafini wote wa Atlantiki duniani huzaliana Aisilandi, na Vestmannaeyjar ndiyo makazi yao makubwa kuliko yote nchini humo.

Jioni kikosi kinapangwa. Idadi nzuri ni watoto wanne na mtu mzima mmoja mwenye gari. Kila mtoto anapewa kazi moja: wa tochi, mdakaji, mbeba boksi na karani. Kazi zibadilishwe kila usiku, la sivyo watagombania udakaji. Mtu mzima si wa kupamba orodha. Sheria ya Aisilandi inawataka watoto wa miaka 12 na chini wasiwe nje peke yao baada ya saa 2 usiku kuanzia Septemba hadi mwisho wa Aprili, na wa miaka 13 hadi 16 baada ya saa 4 usiku. Majira ya kiangazi huongezwa saa mbili. Makinda nao huanguka usiku wa manane.

Siku ya Pili: Mashimo ya Stórhöfði, kisha usiku wa kwanza

Mchana kikosi kinakwenda Stórhöfði, rasi ya kusini yenye upepo mkali na kibanda cha kuwatazamia ndege. Watoto wasitoke njiani. Udongo wa mteremko umetobolewa na mashimo ya pafini, na mguu mmoja ukizama unaweza kumfukia kinda aliye ndani.

Pafini hutaga yai moja tu kwa mwaka, mwisho wa shimo lenye urefu wa karibu mita moja. Wazazi hupokezana kulalia kwa wiki sita hivi, kisha humlisha kinda samaki wadogo kwa wiki nyingine sita. Chakula kikiwa haba baharini, muda huo hurefuka. Mwisho wa Agosti wazazi wanaanza kuondoka. Kinda anabaki na mafuta aliyojiwekea mwilini, kisha usiku mmoja anatoka shimoni peke yake na kuruka kuelekea baharini. Hakuna mzazi wa kumwonyesha njia. Dira yake ni mwanga: katika dunia isiyo na umeme, upande wenye nuru usiku ni ule wa bahari, unaorudisha nuru ya mwezi na nyota. Taa za mji zinaivuruga dira hiyo, na kinda anatua barabarani badala ya majini.

Wasomaji wa Watamu, Mafia na Lamu wanalijua jambo hili kwa upande wa kasa. Watoto wa kasa wakitoka mchangani hufuata upeo wenye mwanga, na taa za hoteli zikiwa kali kuliko bahari, wanapanda ufukwe badala ya kushuka.

Akishatua kwenye lami, kinda hawezi kuondoka. Mwili wake ni mzito kwa mabawa mafupi aliyonayo. Ili aruke anahitaji kushuka kutoka juu, au kukimbia juu ya maji. Kwenye uwanja tambarare anabaki akitembea huku na huko, na hapo ndipo hatari zinapomkuta: magari, paka, mbwa, mifereji na mafuta ya mashine.

Kabla ya giza kila mtoto ajue sura ya anayemtafuta. Pafini wa kwenye picha, mwenye mdomo mpana wa rangi nyekundu na manjano, ni mzazi wa majira ya kuzaliana. Kinda ana mdomo mwembamba wa kijivu kilichokolea, uso wa kijivu, mgongo mweusi na tumbo jeupe. Mtoto asiyeambiwa hili atamulika kinda, akasema si yeye, akapita. Yupo pia ndege mwingine anayeanguka majira haya, fulma: mkubwa zaidi, mweupe na kijivu, puani juu ya mdomo ana kama kibomba. Huyu asiguswe na mtoto. Akitishwa hutapika mafuta yenye harufu mbaya isiyotoka nguoni, na mafuta hayo yakimpata kinda wa pafini yanaharibu manyoya yake. Aitwe mtu mzima anayemjua, na boksi lake liwe mbali.

Vifaa vinapangwa mezani saa 12 jioni:

Boksi za karatasi ngumu, sita au zaidi, zilizotobolewa matundu ya hewa ya ukubwa wa kidole kila upande. Boksi la plastiki halifai: unyevu wa pumzi ya ndege unafanya matone ukutani, unamlowesha, na usiku wa nyuzi 8 au 10 kulowa ni hatari. Chini ya boksi litandikwe gazeti au majani makavu ili miguu isiteleze. Tochi za kichwani, moja kwa kila mtoto, betri mpya. Glovu: jozi nyembamba za kutupa kwa kila ndege, juu yake za kitambaa kigumu kwa mdakaji. Taulo mbili kuukuu. Vizibao vya kuakisi mwanga, bila hivyo hakuna anayeshuka garini. Daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki mvuani. Mizani ya jikoni inabaki nyumbani.

Nguo ni tabaka tatu: ya ndani isiyo ya pamba, sweta la sufu, na koti lisilopitisha maji. Pamba ikilowa inabaki imelowa.

Jua linazama karibu saa 3 usiku. Kikosi kinatoka saa 3 na nusu, na kazi inakolea kuanzia saa 5. Gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, madirisha wazi. Anzeni bandarini, kwenye viwanda vya samaki na maghala, kisha mitaa ya chini ya majabali. Makinda hujibanza: chini ya magari yaliyoegeshwa, kati ya paleti za mbao, nyuma ya mapipa ya taka, kwenye ngazi za vyumba vya chini, kando ya kuta ndefu. Wa tochi amulike chini, usawa wa tairi. Kinachoonekana kwanza ni weupe wa tumbo linalosogea.

Kudaka kuna utaratibu, na watoto waufanyie mazoezi kwa mpira uliofungwa taulo kabla ya kumgusa ndege. Gari linasimama, taa zake kubwa zinazimwa. Wa tochi anabaki upande wa barabara ili kumzuia ndege asikimbilie magari. Mdakaji anazunguka upande wa pili taratibu, ameinama. Hakuna kukimbia. Kinda anayekimbizwa anaingia chini ya gari, na kumtoa huko kunachukua nusu saa. Mdakaji akifika hatua moja, wa tochi anaelekeza mwanga pembeni. Kinda anasita kidogo, na mikono miwili inashuka kutoka nyuma, viganja juu ya mabawa yote mawili, mabawa yakiwa yamekunjwa ubavuni. Usimshike bawa moja. Usimbane kifua: ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, anapumua kwa kusogeza mfupa wa kifua, na mtoto anayemkumbatia kwa mapenzi anaweza kumziba pumzi bila kujua. Ang'ate tu. Mdomo wake unabana na kucha zake zinakwaruza, ndiyo sababu ya glovu ngumu.

Akiwa mkononi, karani anamtazama kwa sekunde kumi tu: je, bawa linaning'inia? Ana damu? Ana mafuta? Bado ana manyoya laini ya utotoni mwili mzima? Kisha boksini, kifuniko kifungwe mara moja. Giza linamtuliza haraka kuliko maneno. Boksi moja, kinda mmoja au wawili. Wakijazana wananyeana, na manyoya yaliyopakwa kinyesi hayazuii maji.

Karani anaandika saa, mtaa na namba ya boksi. Namba iandikwe pia juu ya boksi kwa kalamu nene. Kuiacha mpaka nyumbani ndiko kunakochanganya ndege watano mezani.

Kinachoharibu usiku wa kwanza kwa kawaida ni simu. Kila mtoto anataka picha, mweko wa kamera unamtia ndege kiwewe, na wote wanne wanasimama katikati ya barabara wakitazama kioo. Picha ni za kesho, mchana.

Saa 7 usiku kikosi kinarudi. Boksi zinapangwa gereji au veranda iliyokingwa na mvua, mahali pa baridi na kimya, paka asikofika. Zisiingizwe sebuleni wala zisiwekwe karibu na kipasha joto. Kinda mwenye mafuta mwilini, aliyevaa manyoya ya kuhimili Atlantiki, anazidiwa na joto la nyumba upesi kuliko na baridi ya gereji.

Usimpe samaki, mkate wala maji. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kwa mtoto, na mtu mzima alisimamie. Kinda amekuja na akiba yake. Hatambui chakula kinachotoka mkononi mwa mtu. Akilazimishwa atatapika na kujichafua. Na bakuli la maji litamwagika na kumlowesha. Huduma anayohitaji usiku huu ni giza, ukavu na kuachwa.

Siku ya Tatu: Mizani na jabali

Ukifunua boksi asubuhi, kwanza harufu ya samaki inakupanda puani. Gazeti limejaa mabaka meupe. Kinda amejibanza pembeni, shingo ndani, na nyuma ya kichwa kimebaki kishungi cha manyoya ya kijivu laini ambacho hakijang'oka. Jicho ni jeusi tii. Ukisogeza kidole, anageuza mdomo kukifuata.

Mizani inawekwa juu ya meza imara, siyo kitandani wala sakafu yenye zulia. Weka bakuli la plastiki lenye kitambaa kikavu, bonyeza irudi sifuri, muweke ndege ndani, funika kichwa chake kwa ncha ya taulo. Akitulia, soma gramu mara mbili. Namba zikipishana kwa zaidi ya gramu tano, alikuwa anatapatapa, pima tena. Karani anaandika tarehe, mtaa alikookotwa, uzito.

Kinda wa gramu 250 na kuendelea yuko vizuri, wa 300 ni mnene. Aliye chini ya 200 anakwenda baharini na akiba ndogo, na nafasi yake ya kuishi mwaka wa kwanza inapungua. Kwa kulinganisha, mzazi wa Aisilandi ana karibu nusu kilo.

Uzito huo hauishii daftarini. Tangu 2003 kisiwa kina mpango wa kuwafuatilia makinda, Pysjueftirlitið, na takwimu zake karibu zote zimekusanywa na watoto na wazazi wao. Siku hizi kila familia inasajili idadi na uzito kwa mtandao, au inawapeleka ndege kupimwa kwenye kituo cha Sea Life Trust, palepale wanapotunzwa nyangumi weupe wawili walioletwa kutoka Shanghai mwaka 2019. Wataalamu huwavisha baadhi ya makinda pete ya mguuni na kupima urefu wa bawa. Pete ni kazi ya mwenye kibali, mtoto anatazama.

Saa 4 asubuhi boksi zinapakiwa. Kumwachia ndege kufanyike mchana, siku hiyohiyo. Akiachiwa usiku anairudia taa ileile. Mahali ni majabali ya upande wa magharibi au njia ya kuelekea Stórhöfði, mbali na bandari. Kabla ya kufungua boksi, tazameni angani dakika tano. Shakwe wakubwa wenye migongo myeusi wakiwa wanazunguka, hamieni sehemu nyingine, maana wanamla kinda akiwa bado hewani.

Mtu mzima anasimama kwanza na kuchora mstari wa kutovuka, mita tatu kutoka ukingoni. Nyasi za jabali zina umande na zinateleza, na upepo wa Heimaey unaweza kumsukuma mtoto wa kilo 25.

Mnapaswa kuelekea upepo. Ndege hupanda kwa urahisi akiwa na upepo usoni. Ukimpa kisogo anasukumwa chini. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, tafuteni ufuko mwingine unaotazama upande mwingine. Kisiwa ni kidogo, dakika kumi za gari zinatosha.

Wakubwa wa kisiwa walizoea kumrusha kinda juu kwa mikono miwili, kwa nguvu, na njia hiyo bado inaonekana. Ushauri wa sasa ni kumwacha aamue. Mtoto anamtoa boksini kwa mshiko uleule wa jana, anamgeuza kichwa kuelekea baharini, anainua mikono usawa wa kifua, kisha anafungua viganja na kubaki akiwa ameshikilia tumbo tu. Kinda anapiga mabawa majaribio mawili matatu. Wengine wanaondoka papo hapo, wengine wanakaa viganjani dakika nzima wakinusa upepo. Subira hiyo ina sababu: kinda asiyepiga mabawa huenda ameumia, na akirushwa ataangukia mawe. Asiyetaka kuruka anarudishwa boksini na kupelekwa kituoni. Hapelekwi jabali la pili siku hiyo.

Anayeruka hushuka kidogo, mabawa yakienda kasi sana, kisha ananyooka na kutua majini mbali na ufuko. Anapiga mbizi mara moja, bila kufundishwa. Atakaa baharini miaka miwili au mitatu kabla ya kukanyaga ardhi tena, na hataanza kutaga hadi afikishe miaka minne, mitano au zaidi.

Siku ya Nne: Usiku mtupu

Mbingu imefunguka, mwezi unang'aa, na hadi saa 6 usiku kikosi kimeokota kinda mmoja tu. Hii ni kawaida. Mwezi ukiwa mkali, taa za mji zinapoteza mvuto wake. Wanaanguka wengi usiku wa mawingu mazito, hasa upepo ukiwasukuma kuelekea mjini. Watoto walale mapema. Shule za Aisilandi zimeshafunguliwa na walimu wa Heimaey wanawazoea wanafunzi wenye macho mekundu wiki hizi.

Mchana huo unafaa kwa kazi ya taa. Mtoto anaweza kuizunguka nyumba anayolala na kuhesabu taa zinazomulika juu au pembeni badala ya chini. Taa ya uani izimwe, mapazia yafungwe, taa ya mlangoni iwekewe kifuniko kinachoelekeza mwanga ardhini. Kazi hii haina msisimko wa kudaka, lakini kinda asiyeanguka hahitaji boksi. Witless Bay, Newfoundland nchini Kanada, ambako pafini nao huangukia vijiji vya pwani, wahifadhi huwaomba wakazi jambo hilohilo.

Siku ya Tano: Mafuta

Mawingu yamerudi na boksi zote zimejaa kabla ya saa 7. Mmoja amepatikana ndani ya bandari, kwenye ngazi ya gati, na tumbo lake si jeupe. Lina doa la rangi ya chai, manyoya yameshikana kama nywele zilizolowa.

Manyoya ya ndege wa bahari huzuia maji kwa sababu nyuzi zake zimesokotana bila kuacha nafasi. Doa la mafuta lenye ukubwa wa sarafu linazivunja. Maji yanapita hapo hadi ngozini, na katika bahari ya nyuzi 10 joto la mwili linatoroka saa baada ya saa. Ndege anajisafisha kwa mdomo, anayameza mafuta, na utumbo unaungua. Kumwachia hivyo ni kumuua, hata akiruka vizuri.

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kumwosha bafuni. Kuosha kunahitaji maji ya vuguvugu yanayobadilishwa mara nyingi, sabuni ya vyombo kwa kipimo, na suuza ndefu kuliko kuosha kwenyewe, kwani sabuni iliyobaki hupitisha maji sawasawa na mafuta. Aidha, ndege aliyepoozwa na baridi haoshwi kabla hajapashwa joto na kupewa nguvu. Mshtuko unaweza kummaliza. Wajibu wa watoto unaishia kwenye boksi la peke yake, taulo kavu chini, maandishi MAFUTA juu ya kifuniko, na kufika kituoni mapema kadiri inavyowezekana. Glovu zilizomgusa zitupwe kabla ya kumgusa mwingine. Huko atalishwa, ataoshwa, na atakaa siku kadhaa hadi manyoya yarudi kuzuia maji.

Kinda aliyefunikwa manyoya laini ya utotoni mwili mzima naye ni wa kituoni. Ametoka shimoni kabla ya wakati, mara nyingi kwa njaa, na mabawa yake hayajakamilika.

Na ndege waliokufa? Wasiguswe kabisa. Mafua makali ya ndege yalienea kwa ndege wa porini wa Aisilandi mwaka 2022. Mtu mzima atoe taarifa kwa MAST, mamlaka ya chakula na mifugo, akieleza mahali. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kila zamu, kabla ya mtu kula chochote, hata kama glovu hazikuvuliwa.

Siku ya Sita: Namba na kurudi

Asubuhi karani anajumlisha: idadi, wastani wa uzito, mitaa iliyotoa wengi. Wastani huo unasema jambo kuhusu maji yanayokizunguka kisiwa. Makinda wa Vestmannaeyjar walitegemea hasa samaki mmoja, mdogo na mwembamba, anayejichimbia mchangani chini ya bahari. Katikati ya miaka ya 2000 samaki huyo alipungua vibaya kusini mwa Aisilandi, maji yakiwa yamepata joto, na kwa miaka mingi mfululizo makinda wengi walikufa mashimoni. Kulikuwa na misimu ambayo watoto wa kisiwa walizunguka mitaani usiku kucha karibu bila kupata ndege. Hapo ndipo daftari lilipoonyesha thamani yake: tarehe ya kuanguka ikichelewa na gramu zikishuka, watafiti wanajua wazazi wanasafiri mbali kutafuta chakula.

Mwaka 2015 pafini aliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini. Orodha ya Aisilandi yenyewe, ya mwaka 2018, ilimweka katika daraja la juu kabisa la hatari. Hata hivyo pafini bado huwindwa kisiwani kwa wavu wa mpini mrefu, ni desturi ya vizazi, na msimu umefupishwa. Watoto watauliza. Wajibiwe ukweli: familia moja inaweza kuwa na wavu ukutani na boksi gerejini, na mjadala kuhusu wavu unaendelea kisiwani humohumo.

Ndege wa mwisho wanaachiwa saa 3 asubuhi. Kisha usafi: boksi zilizotumika zinakunjwa na kupelekwa kwenye karatasi za kurejelezwa, hazisafiri na kikosi. Taulo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Nyayo za viatu zipigwe brashi na kuoshwa, hasa ikiwa safari inaendelea kwenye majabali mengine ya ndege kama Dyrhólaey au Látrabjarg, maana kinyesi chenye ugonjwa husafiri vizuri sana kwenye soli. Namba zisajiliwe mtandaoni kabla ya kuondoka. Zikiachwa kwa wiki ijayo hazitasajiliwa.

Makinda wataendelea kuanguka hadi katikati ya Septemba, wachelewaji hata baada ya hapo. Boksi mbili safi ziachwe kwa jirani. Na dereva, kabla ya kuwasha injini kwenye foleni ya kivuko, apige magoti na kumulika chini ya gari lake na la nyuma yake, kwa sababu maegesho ya bandari ndiyo maficho yanayopendwa na kinda aliyetua alfajiri.